Goti la Tupokigwe

"Nipunguzie, dada," mwanamke mwenye kitenge cha bluu alisema, akigeuzageuza viazi kana kwamba kimojawapo kilimkosea. "Ndoo hii kwa bei hiyo? Au mpaka nikusalimie kwanza? Kamwene!"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Soko la Uyole asubuhi lina kelele za kutosha, malori yanapiga breki barabarani na wapagazi wanafokeana, lakini kicheko cha kukucheka wewe hukisikia tu, hata dunia nzima ikipiga honi.

Tupokigwe hakuinamisha uso. "Kamwene, mama," alijibu. "Bei ni ileile. Na kama unataka kuniona naanguka, njoo Ipogolo Jumamosi. Hakuna kiingilio."

Mwanamke yule akalipa bei ileile, akaondoka bado anacheka. Tupokigwe akapanga upya viazi vilivyovurugwa, huku masikio yanamchoma kama mtu aliyezabwa kofi.

Ilikuwa ni ile video. Fupi tu, lakini ilikuwa imezunguka kuliko mbiu ya msiba. Inaanza na wanawake wawili waliovaa nguo nyeupe za judo, wameshikana kola mkekani kule Ipogolo, Iringa. Mmoja ni Tupokigwe. Mwingine ni Rozalia, mpishi wa shule, mama mtu mzima mwenye mabega ya kubeba sufuria. Midomo ya Rozalia inacheza kidogo. Mara Tupokigwe, katikati ya pambano, anakunja magoti na kushusha macho kama mke mwema anayesalimia wakubwa zake, na kabla hajamaliza adabu yake yuko hewani, halafu yuko chali. Pointi kamili, pambano limekwisha. Mtu mwenye muda wa kupoteza akaandika chini yake: "Dada anaomba msamaha kabla ya kipigo."

Alichosema Rozalia kilikuwa neno moja, kwa sauti ya kumfikia mtu mmoja: Kamwene. Ndivyo wanavyosalimiana huko Iringa. Na Tupokigwe, aliyelelewa na mama wa Kinyakyusa wa kule ambako msichana akisalimiwa na mkubwa akabaki wima anatafutiwa fimbo, magoti yake hayakusubiri ruhusa ya kichwa.

*

Nyumbani kwa mzee Jailos, baba mkwe wa Tupokigwe, ukuta kati ya sebule na jiko ulikuwa ukifanya kazi ya mkalimani. Wanyakyusa wa zamani walishika sana jambo hili: mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawapishani njiani. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine hata mezani wanakula pamoja. Mzee Jailos, mzee wa kanisa na mtu asiyelegeza kitu, hakulegeza. Akitoka chumbani hukohoa mara moja, na Tupokigwe hupita mlango wa nyuma. Miaka minne ya ndoa, na yule mzee alikuwa bado kikohozi tu na viatu vyeusi mlangoni.

Jioni ile kikohozi kilitokea sebuleni, na kilikuwa na hasira.

"Mama Ipyana!"

"Bee," Esnath, mama mkwe, aliitika kutoka jikoni. Tupokigwe alikuwa amechuchumaa pembeni yake, wanamenya ndizi kwenye sufuria moja, na mtoto Happy yuko katikati anachezea maganda.

"Mwambie Mama Happy leo mwinjilisti amenionyesha simu yake mbele ya wazee wote."

"Umesikia?" Esnath aliuliza.

"Nimesikia."

"Amesikia!"

"Mwambie mimi sikuitazama. Siwezi kumtazama mkwe wangu, hata kwenye simu. Nilifumba macho. Lakini masikio sikuyafumba, nikawasikia wazee wenzangu wanavyocheka. Mtu mzima nimefumba macho barazani pa kanisa kama mtoto anayecheza kombolela!"

Esnath aliuma midomo asicheke. Upande wa sebuleni kikasikika kiti kikisogea. Alikuwa Ipyana, mume wa Tupokigwe, fundi breki wa malori, mtu mwenye mikono imara na ulimi wa woga.

"Baba, ule ni mchezo tu," alisema.

"Mchezo! Kila Jumamosi anapanda basi anakwenda kupigwa. Anapigwa Mbeya mjini, anapigwa Iringa, wiki inayofuata anatafuta pengine pa kupigiwa. Wewe breki za lori zikikataa kila wiki unaliacha barabarani?"

Ipyana akarudi kwenye ugali wake. Tupokigwe aliweka kisu chini. Aliipenda heshima ya nyumba ile, aliizoea, lakini jioni ile alihisi imemkaa shingoni.

"Mama, mwambie baba," alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji kurudiwa, "kukaa nyumbani siyo kushinda. Ni kutopigwa tu. Mimi sitaki kutopigwa. Nataka kushinda."

Happy alitazama ukuta, kama wenzake wote.

"Basi mwambie," mzee alisema mwishowe, "aende hiyo Jumamosi. Iwe ya mwisho. Akirudi na medali, nitanyamaza na watu watanyamaza. Asiporudi nayo, zile nguo nyeupe tutadekia nyumba. Nimemaliza."

Alikohoa, akatoka. Tupokigwe alichukua kisu na kumenya ndizi iliyofuata mpaka ikabaki nyembamba kama kidole.

"Utaikata yote," Esnath alimwambia taratibu.

*

Klabu yao ilifanyia mazoezi kwenye ghala la mzee Moiz, muuza mabati, aliyewapa upande mmoja baada ya kuhakikishiwa kwamba watu wakianguka hawataangukia mabati yake. Mikeka ilikuwa magunia yaliyojazwa pumba za mbao na kushonewa turubai juu. Wanawake walikuwa wawili tu: Tupokigwe na Jinal, binti wa mwenye duka la vitambaa.

Kocha Asukile, askari mstaafu mwenye sikio moja lililokunjamana, alikuwa na imani ambayo hakuna aliyewahi kuitikisa. Kwake mashindano ni mtihani, na mtihani unafanywa ukishasoma. Yeye enzi zake alishindana mara moja kwa mwaka, na hakuona sababu ya vijana kufanya vingine. Klabu za Nyanda za Juu zilipokubaliana kuandaa bonanza karibu kila Jumamosi baada ya masika, wenzake walifurahi. Yeye aliwaruhusu wanafunzi wake shingo upande, na Tupokigwe peke yake ndiye hakukosa hata moja.

"Na hii video nimeiona," alianza, bila salamu. "Unapigwa kila wiki, Tupo. Unauzoesha mwili kupigwa."

"Nauzoesha mashindano, kocha. Hapa mimi na Jinal tunacheza kama mke na mume waliozoeana. Nikishika kola, anajua nyonga ya kumrusha inakuja. Anaanza kuanguka mwenyewe ili tumalize awahi dukani."

"Si uongo," Jinal alisema, akifunga nywele.

Tupokigwe alikuwa na mengi kifuani, akayatoa. Alimkumbusha bonanza la kwanza, alivyomkamata mpinzani kwa nguvu zote za woga mpaka mikono ikafa kabla ya nusu ya muda, na baadaye akashindwa kufungua chupa ya maji. Mwaka mzima ghalani hakuna siku mikono yake iliwahi kufa hivyo, kwa sababu hakuna aliyemwogopa ghalani. La pili mikono ilidumu, ila masikio yakawa kwa watazamaji. La tatu alikutana na mtu wa mkono wa kushoto, na ndipo akajua kwamba hapo klabuni wote ni wa kulia. "Kila wiki napigwa na kitu kingine," alisema. "Hicho kingine ndicho ninachokifuata huko. Hapa hakipo!"

Asukile alikuna lile sikio lake bovu. "Sawa. Mikono imepona, masikio yamepona. Sasa niambie, huyu Rozalia mbona amekuangusha mara mbili vilevile? Mara zote uliniambia uliteleza. Mkeka gani huo unaoteleza chini ya mguu wako peke yako?"

Tupokigwe alitazama pembeni. Ghala zima lilikuwa linasubiri.

"Alinisalimia," alisema.

"Nini?"

"Anasema Kamwene. Ananong'ona, refa hasikii. Na magoti yangu yanakunjika. Mara ya kwanza nilidhani bahati mbaya. Ya pili ndiyo hiyo mnayoitazama kwenye simu."

Vijana wawili walianza kucheka. Asukile akawanyamazisha kwa jicho, na uso aliomgeuzia Tupokigwe haukuwa na kicheko hata kidogo.

"Yaani umekwenda Ipogolo, umepigwa, umeijua sababu, halafu umerudi hapa ukanidanganya umeteleza?"

"Niliona aibu, kocha."

"Basi hapo ndipo mimi na wewe tunagombana. Nenda kila wiki, nenda kila siku ukitaka! Lakini kipigo ukikificha, ulikwenda huko kufanya nini? Ungeniambia ile mara ya kwanza, hiyo video isingekuwepo. Umepigwa mara mbili kwa bei ya moja."

Alikuwa amesema kweli, na Tupokigwe aliumia zaidi kuliko alivyoumizwa na soko zima. Asukile akavua koti la michezo, akapanda mkekani.

"Tunaanza sasa hivi. Kila mtu akimshika Mama Happy, amsalimie."

*

Wiki ile ghala la mzee Moiz lilikuwa na adabu kuliko kanisa. Watu walishikana kola wakitakiana hali. "Kamwene!" na Tupokigwe yuko chini. "Kamwene, za nyumbani?" yuko chini tena. Jinal alimsalimia kwa Kigujarati, hiyo ikapita bure, magoti hayakuijua. Mzee Moiz mwenyewe alichungulia kutoka kwenye mabati yake kuuliza kama kuna mgeni, akasalimiwa na watu wote kwa pamoja.

Tatizo ni kwamba ukijilazimisha kutokunja goti, unakuwa mti mkavu. Tupokigwe alikaza miguu, na watu waliokuwa hawamwangushi zamani wakaanza kumwangusha kirahisi. Siku tatu alirudi nyumbani na michubuko mipya, siku ya nne Esnath akamfuata.

Alikuja na chupa ya chai, kwa kisingizio cha chai. Alisimama kwenye ukingo wa turubai na kitenge chake cha kanisani, akatazama vijana wakirushana.

"Kwa hiyo humu ndimo unamopigwa," alisema.

"Humu ndimo, mama."

"Baba yako hajui kama nimekuja. Amelala." Akawatazama wote, halafu akavua kandambili. "Mnamfundisha kwa Kamwene ya watoto. Kamwene ya Jinal inamtisha nani? Haya, shikaneni."

Tupokigwe na Jinal walishikana. Esnath alijisogeza mpaka akaona weupe wa jicho la mkwe wake.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimia kwa Kinyakyusa, kwa sauti ileile ya kila asubuhi.

Magoti yote mawili yalikwenda chini, na Jinal, bila kutaka, akamwangusha kama gunia. Esnath alishika kinywa.

"Mama, usinisalimie!" Tupokigwe alilia kutoka chini, kicheko na machozi vimechanganyika.

"Nakusalimia! Mimi nikiacha, yule wa Iringa ataacha? Simama. Ugonile!"

Akaanguka. Akasimama. Akaanguka tena. Ilipofika mahali pa kukata tamaa, alikaa juu ya turubai akivuta pumzi, akamtazama mama mkwe wake aliyekuwa ameshika kiuno kwa hasira ya upendo. Akakumbuka jinsi wao wawili wanavyobeba magunia ya viazi yaliyojazwa lumbesa kila alfajiri. Hakuna anayeinua lumbesa akiwa wima. Unapiga goti, unaingiza mgongo chini yake, halafu unanyanyuka nalo.

"Jinal, njoo," alisema. "Mama, nisalimie."

"Ugonile, mwanangu."

Goti likakunjika, kama kawaida yake tangu utotoni. Safari hii hakulizuia. Alilifuata. Aligeuka wakati anashuka, nyonga ikaingia chini ya tumbo la Jinal, na alipojinyanyua Jinal aliruka juu ya mgongo wake akatua chali mpaka vumbi la pumba likatoka kwenye mishono.

"Ndaga, mama," Tupokigwe aliitika, anahema.

Asukile akasema, "Rudia," na wakarudia mpaka chai ikapoa.

*

Jumamosi, ukumbi wa Ipogolo ulijaa kuliko kawaida. Video ilikuwa imefanya kazi ya tangazo. Simu zilikuwa juu kabla hata refa hajafika, na kijana mmoja nyuma alipiga kelele, "Kamweneee!" ukumbi mzima ukaitikia. Ipyana, aliyekuja baada ya kumwambia baba yake kwamba anakwenda kutafuta vipuri, alizama kwenye kiti chake.

Rozalia alimpokea kwa tabasamu la mtu anayejua kilichomo jikoni. Waliinamiana, refa akasema anzeni, wakashikana. Mikono ya Tupokigwe haikukaza bure, alikuwa ameshalipia somo hilo. Masikio yake hayakwenda kwa watazamaji, na hilo alikuwa ameshalilipia pia. Alisubiri. Walizunguka, wakavutana, Rozalia akajaribu kufagia mguu, Tupokigwe akauondoa. Rozalia akamvuta karibu, shavu kwa shavu, jasho lake linanuka maharage ya shule.

"Kamwene, mwanangu," alinong'ona.

"Kamwene, mama," Tupokigwe alijibu, goti likashuka.

Ukumbi ulianza kucheka, haukumaliza. Rozalia, mabega yake yote na sufuria zote alizowahi kubeba, alipita juu ya mgongo wa yule mke mwema na kutua mkekani kwa kishindo kilichomnyanyua Ipyana kitini. Refa akainua mkono juu kabisa.

Tupokigwe alirudi mahali pake, akainama kama sheria ya mchezo inavyotaka. Halafu walipotoka nje ya mkeka, akapiga magoti yote mawili sakafuni mbele ya Rozalia, taratibu, macho chini, akamsalimia upya kama mtoto aliyelelewa anavyomsalimia mama. Hakuna aliyecheka. Rozalia alimshika kichwa.

"Shetani wewe," alisema, anacheka. "Itabidi nitafute neno jingine."

Ingekuwa hadithi ya watoto ingeishia hapo na medali shingoni. Pambano lililofuata Tupokigwe alikutana na binti mrefu wa kambi ya jeshi, aliyembana chini mpaka muda ukaisha, na la kugombea nafasi ya tatu mwingine akambana vilevile. Mtu akishalala juu yake, hakujua pa kuanzia. Aliondoka Ipogolo mikono mitupu, na njia nzima hadi Uyole hakulia. Alimlazimisha Ipyana ajilaze juu ya begi lake kwenye kiti cha basi, amwonyeshe yule binti alikuwa ameweka wapi uzito.

*

Walipofika, kikohozi kilikuwa kinawasubiri sebuleni. Tupokigwe alizunguka kwa mlango wa nyuma, akaingia jikoni, akamkuta Esnath amesimama, hajawasha hata moto. Esnath alitazama shingo yake, akaona hakuna kitu.

"Mama Ipyana!" mzee aliita. "Muulize Mama Happy ameleta nini."

Esnath alifungua mdomo. Tupokigwe akamshika mkono.

"Mama, mwambie baba sijaleta medali. Nimeshinda moja nimepigwa mbili. Nimepigwa kwa sababu sijui kutoka chini mtu akinilalia, na hilo leo nimelijua, nisingelijua hapa jikoni. Mwambie nguo zangu sitoi za kudekia. Nyumba nitaideki kwa kitambaa kama siku zote. Na Jumamosi ijayo kuna bonanza Idodi, nitakwenda. Ya baada ya hiyo nitakwenda. Heshima yake naishika mpaka nife, nitapita mlango huu wa nyuma mpaka nife, lakini nitakwenda."

Hakuna mtu aliyewahi kusema maneno mengi hivyo kupitia ukuta ule. Sebuleni Ipyana alisafisha koo.

"Baba, mimi nilikuwepo," alisema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikuomba ruhusa. "Sikwenda kutafuta vipuri. Nilikwenda kumtazama mke wangu. Na Idodi nitampeleka."

Happy aliacha maganda yake. Kiti cha mzee kililia, nyayo zikasogea mpaka karibu kabisa na ukuta, na kikohozi hakikutoka.

"Mama Ipyana," mzee alisema, taratibu. "Muulize. Yule mama wa Iringa alimsalimia tena?"

"Mwambie alinisalimia."

"Yeye akamjibu?"

"Mwambie nilimjibu. Nikapiga goti, kama nilivyolelewa." Tupokigwe alikuwa anatabasamu mbele ya ukuta. "Aliyeanguka ni yeye."

Ng'ambo ya pili kitu kilitoka kifuani kwa mzee Jailos ambacho nyumba ile haikuwa imekizoea, na alijitahidi kukigeuza kikohozi, akashindwa.

"Mwambie," alisema alipopata pumzi, "Idodi kuna joto. Abebe maji ya kutosha."

Esnath alimgeukia mkwe wake amfikishie ujumbe. Tupokigwe alikuwa ameshachukua dumu la maji, na nguo nyeupe zimelowekwa kwenye beseni, zinangoja sabuni.